Mvua Iliyofukuza Ng'ombe

Mimi nikiona mtu anakitazama kitu kwa muda mrefu, siwezi kupita. Lazima nijue anatazama nini. Marehemu mama alikuwa akisema udadisi wangu utaniponza, na kweli umeniponza mara nyingi, lakini bila huo nisingejua lolote kuhusu ng'ombe wa Mzee Saruni.

Wakati ule nilikuwa na duka la intaneti Ngarenaro. Ilikuwa mwaka 2006, na Arusha kila mtu alikuwa anafungua kitu: huyu saluni, yule duka la simu, mwingine ofisi ya kuwapeleka wazungu mlimani wakati mlima wenyewe hajaupanda hata hatua moja. Mimi Aikaeli, mama Evelyn, mtu wa Machame niliyezeeka kwenye mitumba, nikasema na mimi simo nyuma. Kompyuta zangu nazo zilikuwa mitumba, zimekuja kwa meli kutoka Ulaya, nyingine bado zimebandikwa majina ya shule zilikotoka.

Fundi wangu aliitwa Lemburis. Kijana wa Kiarusha kutoka Olasiti, mrefu, mpole, na mbishi wa kimyakimya, ule ubishi wa mdomo kukubali halafu mkono ukafanya ya kwake. Ndani ya kompyuta mojawapo alikuta mchezo wa shamba umeachwa humo na wenyewe. Unalima, unavuna, unafuga. Ng'ombe wa mchezo huo walikuwa wa kizungu, weupe wenye mabaka meusi, viwele vinaburuza chini. Lemburis hakuwapenda. Akaingia kwenye mafaili ya mchezo akaanza kuwavua ngozi na kuwavika nyingine. Vijana waliita kazi hiyo kumodi, na kile unachokipachika wakakiita modi. Nikasimama nyuma ya kiti chake.

"Sasa hizo unazowavika ni ngozi za nani?"

"Za ng'ombe wa baba," akasema, bila kugeuka.

Nikavuta kiti. Kazi ya siku hiyo ikaishia hapo.

Ukame wa mwaka uliotangulia mnaukumbuka. Mzee Saruni, baba yake Lemburis, aliwapeleka ng'ombe wake tambarare za Monduli kutafuta majani, na hakurudi ng'ombe hata mmoja. Alirudi mzee peke yake, kengele ya ng'ombe mkononi. Akaitundika kwenye msumari mlangoni, akanyamaza. Hakununa, alinyamaza. Akipewa chakula anakula kidogo, Jumapili anakwenda kanisani, anakaa, haongei. Lemburis aliniambia kilichommaliza baba yake zaidi ni salamu. Kwao watu wakikutana wanaulizana: watoto hawajambo? Ng'ombe hawajambo? Ukiuliza la kwanza ukaacha la pili, hujasalimia. Sasa mtu ambaye ng'ombe wamemwishia utamwuliza nini? Watu kwa huruma wakawa wanauliza watoto, halafu wanakohoa na kutazama pembeni. Mzee akaona bora asiende popote penye watu.

Lemburis alikuwa na picha. Siku moja ya josho, kabla ya ukame, alibeba kamera ya kuazima akawapiga ng'ombe wote wakipita kwenye dawa. Zile picha ndizo alizozikatakata na kuwavika ng'ombe wa mchezo, mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza, Jumamosi moja akamshawishi baba yake waje mjini. Nakumbuka mzee alivyoingia: shuka begani, fimbo mkononi, uso umefungwa. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa kichwa. Lemburis akamkalisha kwenye kompyuta ya pembeni, akafungua mchezo. Ng'ombe wakatoka zizini.

Mzee akasogeza uso karibu na kioo. Kisha akasema, "Mugie."

Lemburis alitoka nje kama mtu anayetaka kupiga chafya. Nilimwona kupitia dirishani anajifuta macho kwa kiwiko.

Tangu hapo kila Jumamosi mzee alikuja, na ulimi wake ukafunguka. Nami nikamwuliza maswali mpaka wateja wakawa wanaita "mama, mtandao umekatika!" na mimi sisikii. Nikajua Mugie ni yule wa kahawia iliyoiva, kiongozi, mwenye kengele. Nikajua Sambu, wa mabaka ya kila rangi, alikuwa mwizi wa mahindi aliyewagombanisha majirani. Kila mmoja alikuwa na mama yake, bibi yake na tabia zake. Jambo moja tu sikulielewa. Kulikuwa na ng'ombe mmoja wa michirizi, Keri, ambaye kila akipita mzee alikuwa anatikisa kichwa na kusema, "Huyu naye amefikaje hapa?" Tukadhani ni uzee.

Na kila akiondoka alikuwa na swali lake moja, anauliza akiwa amekwisha simama. "Na mvua je?"

Mvua haikuwapo. Mchezo ule ulikuwa na jua tu, asubuhi mpaka jioni, majani ya kijani kwa miujiza. "Basi hawa nao watakufa," mzee anasema, anashika fimbo, anaondoka. Unaona? Yaani hata kwenye kioo mtu hana amani.

Ndipo Lemburis akasoma mahali kwamba toleo jipya la mchezo limetoka, apdeti, na toleo hilo lina mvua. Hakuniambia. Alhamisi akaanza kulivuta kwenye mtandao, na mtandao wetu wa siku hizo, Mungu ausamehe, ulikuwa unavuta faili kama mzee anayevuta ugoro. Wateja walinitukana mchana kutwa, nami najibu hali ya hewa, hali ya hewa. Jioni nikasikia, "Mama Evelyn! Njoo uone!"

Nikaja mbio. Jamani, mvua! Mawingu yanakuja yenyewe, matone yanagonga paa la zizi, madimbwi yanajaa. Nikapiga makofi. Nikasema mzee safari hii atacheka na meno ya nyuma. Kisha mlango wa zizi ukafunguka, ng'ombe wakatoka.

Walikuwa wale wa kizungu. Weupe, mabaka meusi, viwele vinaburuza. Kila mmoja ana hereni ya njano sikioni yenye namba, na juu kwenye kona ya kioo kumeandikwa jumla yao. Mugie hayupo, Sambu hayupo, hakuna anayejulikana. Mvua imekuja na ng'ombe wamekwenda.

Lemburis alishika kichwa kwa mikono miwili. "Keshokutwa ni Jumamosi," akasema.

Niliona anachokiona. Mzee anaingia, anakaa, anakuta ng'ombe wa watu kwenye zizi lake. Mtu huyo alikwisha funga mdomo mara moja kwa kupoteza ng'ombe. Akiwapoteza mara ya pili, nani ataufungua tena?

"Si urudishe lile la zamani?" nikauliza.

"Sinalo. Mchezo ulikuja ndani ya kompyuta, hauna hata sidii. Jipya limelikalia la zamani."

Picha zake zilikuwapo, salama kabisa, ila mchezo hauzitaki. Ijumaa asubuhi akaandika kwenye ukumbi wa wachezaji huko mtandaoni, kwa Kiingereza chake cha kupapasa, na mtu mmoja wa Poland akamjibu. Akasema pole, limewakuta wengi. Toleo jipya linataka kila mnyama awe na namba. Modi zako zina majina tu. Zitoe zote, ziwekee namba, urudishe moja moja huku unaujaribu mchezo. Ukizima, aliyeingia mwisho ndiye mbovu. Na siku nyingine, kabla ya apdeti, weka nakala ya zamani pembeni. Hilo la mwisho lilinikera. Ni kumwambia aliyeungua kwamba moto huunguza.

"Haya, tumepona!" nikasema. "Namba ni kitu gani? Moja, mbili, tatu, jioni tumemaliza."

Lemburis akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Nini tena?"

"Mama Evelyn, ng'ombe hawahesabiwi."

"Hawahesabiwi na nani?"

"Na mtu yeyote. Ukiwahesabu unawaita mabaya. Ndiyo maana niliwaandika majina."

Ala! Mimi ni Mchaga jamani. Nahesabu hata mayai niliyokwisha kula. Nikamwambia mali bila daftari hupotea bila habari. Akanitazama kwa upole wake ule unaoudhi, akasema, "Za baba zilipotea kwa jua, mama. Daftari lingeleta mvua?"

Hasira zikanipanda. Nikamwuliza kama yeye Mlutheri mzima, fundi wa kompyuta, anaamini mambo hayo. Akasema haijui imani yake inasemaje, ila kidole chake hakiwezi kuandika namba kwenye ng'ombe wa baba yake, na baba yake akija akaziona hatakaa hata dakika. Hapo nikatulia, maana lile lilikuwa kweli. Kisha nikaanza kujiuliza. Mtu asiyehesabu anajuaje kama mmoja amebaki porini? Swali likanikaa kooni.

Lemburis akajaribu kuwaingiza wote kwa pamoja ili mashine ijipangie namba zenyewe. Mchezo ukazima. Akajaribu tena, ukazima. Akagundua kwamba akimwingiza mmoja, mashine inampa namba yake bila kuuliza mtu. "Basi acha ihesabu yenyewe," nikamwambia. "Dhambi ya kompyuta haituhusu." Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Akataka kuanza na mmoja mmoja, na hapohapo umeme ukakatika. Mgao. Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa kama mpangaji asiyehama. Ijumaa ikafia hapo.

Jumamosi umeme ulirudi, na mzee akaja mapema kuliko siku zote. Lemburis ndiyo kwanza anafungua mchezo. Mzee akakaa mahali pake, akaweka fimbo kati ya magoti. Wale wa kizungu Lemburis alikwisha kuwatoa; kioo kikaonyesha majani matupu na mvua inanyesha.

Akatazama. Akatazama tena. Uso wake ukaanza kufunga, naapa niliuona unafunga, kama mtu anayerudisha mbao za duka moja moja. Mimi ukimya hunishinda. Nikasema cha kwanza kilichonijia.

"Mzee, ng'ombe wako nje ya zizi. Mvua imewakuta nje. Sasa wanaingia, ila mlango ni mwembamba, anapita mmoja mmoja. Nani atangulie?"

Mzee akanigeukia. Nikadhani atanipiga fimbo.

"Hilo ni swali gani?" akasema. "Si Mugie? Hao wengine watapitaje kabla ya mwenye kengele?"

Nikamkanyaga Lemburis mguu. Akamwingiza Mugie. Mchezo ukakubali, na Mugie akasimama mvuani, kahawia yake inang'aa. Kwenye kona ya kioo ikatokea namba. Nikachomoa plasta ya kidonda kwenye mkoba wangu nikaibandika palepale juu ya kona. Mzee akauliza ni nini, nikamwambia kioo kina kidonda.

"Na baada ya Mugie?"

"Binti yake. Halafu Sambu, maana Sambu hakubali kukaa nyuma, atasukuma wenzake."

Ndivyo walivyoingia. Mzee anaita, Lemburis anamweka, mchezo unakubali, anaita mwingine. Wateja wakaacha barua pepe zao wakaja kusimama nyuma yetu. Nikaona sasa ndio wakati wa swali langu. "Mzee, jioni wakirudi, unajuaje kama mmoja hayupo?"

"Wewe watoto wako wakikaa kula, unahesabu vichwa?" akasema. "Unaona tu kwamba Evelyn hayupo. Pengo lake linakutazama."

Hapo alinipata.

Walikaribia kwisha mzee alipoacha kuita. Lemburis akasema, "Bado Keri, baba." Akamweka mwenyewe, bila kuitwa. Kioo kikawa cheusi.

Tukafungua upya. Wote wakarudi, Keri akawekwa, kioo kikawa cheusi. Akamtoa, mchezo ukatulia. Akamrudisha, giza. Lemburis akapiga meza. "Ni yeye! Yeye ndiye anayeharibu!"

"Kwa nini yeye?" nikauliza. "Ana nini ambacho wenzake hawana?"

Lemburis akaona aibu. "Yeye sikuwa na picha yake. Wengine wote nilipata siku ya josho, yeye hakuwapo. Nilimchora kwa mkono." Akashusha sauti. "Mama ndiye alikuwa ananisimulia kwa barua. Keri alikuja nikiwa shule ya bweni; mama aliugua, akawa anakunywa maziwa yake. Nimerudi, mama amefariki na Keri hayupo. Nikadhani naye alikufa. Nikamchora kwa maneno ya mama, vipimo nikakisia. Toleo la zamani lilimeza tu. Hili jipya linakabwa."

Tukasikia mtu anacheka. Mzee Saruni alikuwa anacheka peke yake, mabega yanatikisika.

"Mashine hii ina akili kuliko ninyi," akasema. "Kila siku nawauliza amefikaje hapa, mnaniona nimezeeka. Keri anagoma kwa sababu si wa zizi hili. Siku ya josho hakuwapo kwa sababu nilikwisha kumpa mtu. Mama yako alipofariki, Lerionka wa Nduruma alikaa na mimi mpaka matanga yakaisha, akanilimia na shamba. Nikampa Keri. Tangu siku hiyo hatuitani majina. Mimi namwita Pakiteng, yaani tuliyepeana ng'ombe, na yeye ananiita Pakiteng, kwa ajili ya ng'ombe huyo."

Lemburis alikuwa amesimama. "Kwa hiyo hakwenda Monduli."

"Angekwendaje? Yuko Nduruma."

"Yu hai?"

Mzee akaacha kucheka. Akaizungusha fimbo mikononi. "Sijui. Sijaenda."

"Nduruma hapo, mzee!" nikasema. "Huko wana mifereji, majani hayakukauka. Mwaka mzima hujaenda kwa rafiki yako?"

"Niende niseme nini?" akasema, na sauti ikamkatika. "Nikifika atanisalimia. Ataniuliza watoto, nitajibu. Ataniuliza ng'ombe. Nitamjibu nini, mama Evelyn? Niambie wewe. Mtu anasimama mlangoni kwa mwenzake, anaulizwa ng'ombe hawajambo, anajibu nini?"

Nilisikia uchungu, na uchungu kwangu huja umevaa hasira. "Basi muulize wewe!" nikamwambia. "Wahi kabla hajafungua mdomo! Si una ng'ombe kwake? Muulize Keri hajambo, aanze yeye kujibu!"

Lemburis akanitazama kwa hofu, maana mzee hafokewi. Mzee akakigeukia kioo. Bila Keri mchezo ulikuwa umetulia kabisa, na mvua ilikuwa inawanyeshea ng'ombe wake, Mugie mbele, Sambu anasukuma wenzake. Akawatazama sana.

"Imewafikia," akasema. Akashika fimbo yake akatoka, na siku hiyo hakuuliza habari ya mvua.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Kiti chake kikakaa kitupu mpaka saa sita. Lemburis akawasha mchezo, akauzima, akauwasha. Alikuwa amelala mjini juma zima kwa kazi, hana habari ya nyumbani. Mimi nikaanza kujilaumu na kujitetea kwa pamoja, jambo linalochosha sana. Mwisho nikasema, "Funga duka. Twende Olasiti."

Tulifika kwa jua la alasiri. Nyumba kimya, mlango umerudishwa. Lemburis akasimama ghafla akauonyesha msumari wa mlangoni. Ulikuwa mtupu. Kengele haipo.

Tukaisikia kabla hatujaona kitu. Ilitoka upande wa barabara ya chini, inalia kwa mwendo wa ng'ombe asiye na haraka. Kisha wakatokea: mbele ng'ombe mzee wa michirizi, kengele shingoni, pembe moja imeinamia jicho, nyuma yake mitamba na ndama, michirizi kwa michirizi, na nyuma kabisa wazee wawili wanatembea bega kwa bega wanabishana. Yule mwingine alikuwa Lerionka. Baadaye nilisikia kwamba mzee alifika kwake amejipanga kuuliza, na Lerionka akamwahi kwa kusema, "Pakiteng, nimekusubiri mpaka nimechoka. Uzao wa Keri umejaa hapa, njoo uchukue, niliogopa kukuletea usije ukadhani nakuonea huruma."

Lemburis hakwenda kumlaki baba yake. Alikwenda kwa Keri, akaigusa ile pembe iliyoinama. "Nilimchora pembe zimesimama," akasema. "Mama hakuniambia hili." Na machozi yakamtoka mbele ya wote, wala hakutumia kiwiko.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa zizi, wanapita mbele yangu mmoja mmoja. Midomo yangu ikaanza yenyewe, kama kawaida yangu. Nikaifumba. Nikawatazama nyuso tu mpaka wa mwisho akaingia, na sijui mpaka leo walikuwa wangapi.

Mzee Saruni akaja akasimama karibu nami.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Evelyn. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Na wako?"

"Hawajambo."

Hakuondoka. Alisimama palepale, mikono juu ya fimbo, ananitazama. Anasubiri.

"Na ng'ombe, mzee," nikamwuliza. "Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo," akasema. "Ng'ombe hawajambo kabisa."